Karatasi ya Kopo la Bernadi

Kijiji cha Ujamaa, Ngumbo,
kupitia Posta ya Mbinga.
Tarehe 3 Agosti, 1975.

Mpwa wangu mpendwa Winifrida,

Marahaba, mwanangu. Naanza kwa kuitikia kwa sababu najua shikamoo yako imeshatoka mdomoni kabla hujafungua bahasha. Ndivyo mama yako Ottilia alivyokulea. Natumaini barua hii itakukuta mzima, joto la Dar es Salaam halijakukondesha, na vitabu vyenu vya sheria havijakumaliza macho. Mimi kwa upande wangu mwili ni mzima. Meno ninayo yote isipokuwa mawili, na magoti yangu bado yanapanda mlima vizuri kuliko ya vijana wa siku hizi. Wiki iliyopita nilikwenda Tingi na kurudi kwa miguu, na watu walionikuta njiani walidhani lori limenishusha pale nyuma. Habari ya Tingi nitakueleza, lakini ije kwa zamu yake.

Hapa kijijini upepo wa mwera umevuma siku kumi na mbili mfululizo, mitumbwi imelala mchangani. Muhogo upo. Shamba la ujamaa limevunwa, si haba. Mtoto wa marehemu Walburga ameota meno mawili ya chini, bibi yake anamlea kwa uji, na akicheka anafanana na mama yake hata watu wanageuza uso. Wote wanakusalimu.

Jarida lenu la Kinga ya Mnunuzi, lile toleo la Machi, ninalo bado. Pini zimeshika kutu na ukurasa wa kwanza umeachana na wenzake kwa kupita mikono mingi, maana hakuna mtu hapa ambaye hajaomba kuuona. Lilipofika, Mwalimu Tarsisi alilisoma lote kwa sauti mbele ya ofisi ya kijiji, na alipofika pale mlipoandika “shahidi mmoja, Mzee Cuthbert, mtu aliyesafiri sana na mwenye kumbukumbu kali,” watu walipiga makofi. Vijana walinitania kwamba sasa nimepigwa chapa kama noti, nisiwe nakwenda kuoga ziwani bila tai. Nami sikunyamaza. Niliwaambia kwamba majaji wa Dar es Salaam wameomba picha yangu waitundike ukutani. Niliwaambia pia kwamba wanafunzi wa sheria wakikwama kwenye jambo huulizana kwanza mjomba wa Winifrida angesemaje. Wengine waliamini. Wewe unanijua.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata. Nimeisoma mara nyingi kuliko jarida. Unasema ndugu zake Ildefonsi, yule bwana wa duka letu la ujamaa, wamewaandikia ninyi wanafunzi. Kwamba rufaa yake itasikilizwa mwisho wa mwezi huu. Kwamba wewe na wenzako mmekaa mkayasoma upya maelezo na kuona kuna mahali hayakai sawa. Ukasema kama jarida lilikosea, ni lazima jarida liseme kabla ya siku hiyo, hata kama uliyeandika ni wewe, na hata kama uliandika kwa uchungu wa mama yako. Kisha ukaniwekea maswali manne yenye namba, kama karani wa mahakama. Nilicheka kidogo nilipoziona zile namba. Nikasema, huyu mtoto ametoka mikononi mwangu. Nilipofika namba ya nne nikaacha kucheka.

Swali lako la kwanza na la pili yanakwenda pamoja: siku ile ilikuwaje, na nani alikula nini. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Januari, siku ya kazi ya wote katika shamba la kijiji. Unakumbuka kwamba tulikuwa hatujamaliza mwaka tangu tuhamishwe kutoka kule kwenye mchanga wetu na kuletwa huku bondeni, ambako asubuhi ukungu haupandi na kila kitu kinaota uyoga, hadi viatu. Mahindi yalikuwa yamekwisha. Tulikuwa tunakula ule unga wa njano wa msaada uliokuja dukani kwa magunia, na watu waliusema vibaya tangu siku ya kwanza. Kina mama walisema una harufu ya godoro la mgonjwa, lakini walipika. Siku ile ulisongwa ugali wa njano masufuria matatu, na kitoweo kilikuwa usipa wetu wenyewe, wale samaki wadogo ambao ninyi huko mnawaita dagaa, tuliowavua na kuwakausha kwa pamoja.

Watu walikaa kula kama saa saba. Mimi sikula. Nawe umeuliza kwa nini, na mahakamani niliulizwa nikasema nilikuwa naumwa tumbo. Sikuumwa tumbo. Nilikuwa nimesimama nawasimulia ile habari ya meli, jinsi nilivyoshika usukani nahodha Mzungu alipozirai kwa dhoruba, na jinsi nilivyozungumza naye Kiingereza usiku kucha asilale akafa. Unaijua, nimekusimulia tangu hujaota meno. Siku ile ilinoga kuliko siku zote. Nilimwongeza mamba. Ottilia aliniambia mara mbili kwamba chakula changu kinapoa, nikamwambia mwanamke usinikatize, bado sijafika bandarini. Basi akavuta sahani yangu, akasema afadhali ale yeye kuliko kuwaachia nzi. Watu wakacheka. Alikula yake na yangu.

Ulinililia kwenye barua nisikufiche, nami nikakuficha, na sasa nikitaka kueleza yote mkono hautaki. Nitasema tu kwamba jua lilikuwa bado halijafika milimani walipoanza kutokwa mate na jasho. Mboni za macho yao zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Walitetemeka. Mama yako alinishika shati akitaka kusema jambo, na meno yakagongana, jambo lenyewe sikulipata. Bwana mganga wa zahanati alikuja na baiskeli akiwa na chupa moja ya dawa ya kuhara. Kabla ya giza tulikuwa na maiti watano. Asubuhi ya Jumapili akaongezeka Walburga, na mtoto wake alikuwa na siku tisa.

Sasa swali la tatu, niliona nini kwa macho yangu katika stoo ya duka. Katika jarida umeandika, kama nilivyokueleza, kwamba nilimwona Ildefonsi akizoa unga uliomwagika chini, mahali palipowekwa pipa la dawa ya wadudu, akaurudisha guniani kwa koleo. Mahakamani niliapa hivyo hivyo. Wakili wa serikali alikuwa na jarida lenu mezani, na ukurasa wako ulikuwa umepigwa mistari kwa wino mwekundu. Nilijivuna, mwanangu. Pale pale kizimbani, dada yangu yuko kaburini, nilijivuna.

Sikuona kitu. Ildefonsi stoo yake ilikuwa safi kuliko nyumba yangu. Pipa la dawa halikuwapo. Kulikuwa na majembe, chumvi na katoni mbili za sabuni. Lakini watu walikuwa wameshausema ule unga, naye alikuwa mgeni, mtu wa bara huko kwa Wangoni, asiyejua hata kushika kafi, na kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Wakaniuliza, Mzee Cuthbert, wewe unayeona mambo, uliona nini? Nami nikaona. Namna yangu unaijua. Mtu akiniuliza kama niliona, jibu huja lenyewe likiwa na koleo mkononi. Ildefonsi akapewa miaka minne.

Jumapili iliyopita baada ya ibada alikuja Ida, mke wa Ildefonsi. Amekonda, na viatu alivyovaa ni vya mumewe. Alinipigia magoti, akaniambia mume wake huko gerezani hana chuki nami, maana kila mtu husema alichokiona. Akasema wameambiwa ni vizuri maelezo ya rufaa yaandikwe Kiingereza, Mwalimu Tarsisi anaogopa kujiingiza, na Ildefonsi mwenyewe amesema nendeni kwa Mzee Cuthbert, yule ndiye mwenye Kiingereza cha kweli. Akanipa karatasi sita safi alizofunga kwenye kitambaa. Nilizipokea. Nilimwambia kazi hiyo ni ndogo kwangu, arudi baada ya wiki. Karatasi hizi unazosoma ni zake.

Ndiyo tunafika kwenye swali la nne. Umeuliza: ikiwa Walburga alikuwa mzazi wa siku tisa, hakutoka ndani, na nyumba yao haikuwa na zamu ya unga dukani wiki ile, je, yeye alikula nini? Winifrida, watu wazima wote wa kijiji hiki, na polisi, na hakimu, na mimi, hakuna aliyeuliza hivyo. Umeuliza wewe, uliye mbali mwendo wa siku tatu. Walburga alikula ugali wa muhogo wa nyumbani kwao. Kitoweo alipelekewa na Ottilia, bakuli moja ya usipa, kwa sababu mzazi lazima apate samaki. Bakuli hilo nililibeba mimi siku ile hadi mlangoni, kwani mvua ilikuwa inanyesha.

Nilikuwa nimejua kabla hujauliza. Magunia tisa ya usipa yalikuwa yanangoja lori la kwenda Mbinga mjini. Siku ya tatu ya msiba niliona kuku wawili wamekufa chini ya kichanja cha kukaushia, na kunguru mmoja. Nikawaambia watu samaki hawa wameguswa na msiba, si vizuri kuwauza, nikachimba shimo peke yangu na kuyafukia yote tisa. Walinisifu kwa utu. Lakini yalikuwa magunia kumi. La kumi lilikuwa limeshaondoka wiki moja kabla, na Bernadi, yule rafiki yetu Mmatengo wa Tingi, mkulima wa kahawa, anayeshuka kila mwaka na mahindi na maharage yake kubadilishana nasi samaki. Kuanzia Januari hadi barua yako nilijiambia kwamba milima ni mbali, huenda gunia lilinyeshewa, huenda walilitupa. Nilipokwisha kulisoma swali lako la nne nilichukua fimbo nikapanda.

Nilifika kwake saa kumi jioni. Bernadi alinikumbatia, akaita watoto waje wamwone mzee wa meli. Nikaulizia mama yake, yule bibi aliyekuwa akituletea asali. Akasema aliwaacha mwezi wa pili, yeye na wajukuu wawili, wote ndani ya siku moja, tumbo la kuhara, mwaka huu limeua wengi. Alinionyesha makaburi nyuma ya kahawa. Madogo mawili yalikuwa yamepandwa maua ya njano. Akasema ni mapenzi ya Mungu, nami nikasema ni kweli, ni mapenzi ya Mungu. Mdomo huu huu.

Tulipoingia ndani mkewe alikuwa jikoni, na nikasikia harufu. Bernadi akaniambia kwa furaha kwamba nina bahati, kwani tangu msiba ule hawakuwa na hamu ya samaki, lakini nusu gunia waliitunza darini kwa ajili ya wageni wa heshima, na hakuna mgeni kama mimi. Akasema tazama ilivyo dawa nzuri, miezi sita na hakuna mdudu aliyegusa hata mmoja. Sufuria ililetwa, watoto wanne wakanawa mikono wakakaa.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na maneno, mimi sijawahi kukosa maneno. Badala yake niliinuka kama mtu anayetaka kuvua koti, nikateleza, nikaipiga sufuria teke ikamwagikia jivuni. Mchuzi uliniunguza mguu, kovu lipo. Mke wa Bernadi akasema kwa utani kwamba nahodha hata nchi kavu anazamisha meli. Wote wakacheka. Kisha nikaomba wanipe hiyo nusu gunia iliyobaki, nirudi nayo Ngumbo. Hebu fikiri, mtu wa ziwani anapanda mlimani kuomba usipa. Niliona walivyotazamana. Niliomba tena, kama mlafi, kama mwendawazimu, hadi mke wa Bernadi akaishusha darini na kuiweka miguuni pangu bila kunitazama. Mwaka ujao hawatashuka kwetu, najua. Asubuhi njiani nilichimba kwa panga na kwa mikono nikaifukia, nikaweka mawe juu.

Kabla sijaondoka nilimwuliza kama lile kopo bado lipo. Lilikuwa kwenye kona, na karatasi yake imeanza kubanduka. Nikaibandua yote nikaitia mfukoni.

Sasa nakuambia habari ya kopo, na nikishakuambia sitakuwa tena na kitu cha kukuficha. Bernadi alikuja nalo Januari. Alilipata kwenye dawa za kunyunyizia kahawa, na yeye mwenyewe hajui kusoma. Aliona usipa wetu unavyoliwa na funza kwa unyevu wa huku bondeni, akatuhurumia, akasema dawa hii ya unga inafukuza kila mdudu, lakini tusome kwanza inasemaje. Tulikuwa watu kama kumi na tano kwenye kichanja. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza matupu. Wote wakanigeukia. Ottilia alininong'oneza kwamba Mwalimu Tarsisi yupo nyumbani kwake, hatua mia mbili tu, tumwite asome. Nilimkaripia mbele za watu. Nilimwuliza tangu lini mwalimu wa darasa la tatu anamfundisha Kiingereza mtu aliyekula meza moja na nahodha. Akarudi kugeuza usipa.

Nikavaa miwani. Nikalipeleka kopo mbali, nikalivuta karibu, nikakohoa. Kulikuwa na picha ya tawi la kahawa na ya mdudu amelala chali, na chini yake maandishi mekundu mistari mitatu. Nikatoa ile sauti yangu ya puani, kisha nikawafasiria: dawa ya kuhifadhi mazao ya shambani na ya majini, haimdhuru binadamu wala mifugo, inyunyizwe kwa wingi. Hilo la kwa wingi niliongeza kwa sababu mistari ilikuwa mitatu na maneno yangu yalikuwa yameishia wa pili.

Sijui Kiingereza, Winifrida. Sijawahi kujua. Nilisoma hadi darasa la pili pale misheni. Kwenye meli nilikuwa mpakia kuni. Tulizibeba kichwani kutoka pwani hadi kwenye tanuru, na nahodha nilimwona kwa mgongo tu. Neno moja alilowahi kuniambia lilikuwa la kuniondoa njiani, na hata hilo sijui maana yake. Ulipokuwa mdogo ukaniambia nawe unataka kujua maneno mengi kama mjomba uje uwatetee watu mahakamani, nilipaswa kukuambia siku ile. Niliona furaha yako nikashindwa. Au niliona furaha yangu.

Basi haya ndiyo majibu yako manne. Yachapeni. Wekeni jina langu zima, na hilo la shahidi mwenye kumbukumbu kali lifuteni kwa wino ule ule mwekundu. Semeni Ildefonsi hakuhusika. Usiogope kwamba jarida litadharauliwa. La kudharauliwa liko hapa Ngumbo. Wenzako wakikuuliza kwa nini mjomba wako alidanganya, usinitetee. Kesho asubuhi nitampitia Ida nimweleze kwa mdomo wangu, halafu nitampitia Bernadi, na kutoka hapo nakwenda Mbinga kwa polisi. Barua hii naitia posta huko huko kabla sijaingia kituoni, ili nisije nikapata muda wa kuipamba.

Nisalimie wenzako wote wa jarida, hasa yule uliyesema anapiga stensili usiku. Bibi yake mtoto wa Walburga anakusalimu. Kaburi la mama yako nimelipalilia jana, na nimepanda michaichai kama alivyopenda. Ukipata likizo, nenda kwake kwanza kabla hujaja kuniona, popote nitakapokuwa.

Ndani ya bahasha nimetia ile karatasi ya kopo. Imechanika pembeni lakini mistari myekundu yote mitatu ipo. Sijamwonyesha Mwalimu Tarsisi wala mtu yeyote. Nimeitazama kila siku tangu Tingi. Kuna neno moja fupi limerudiwa mara mbili, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Nakuomba unisomee, uniandikie kwa Kiswahili, kila neno, usilainishe hata moja. Andika kwa herufi kubwa na polepole, nitasoma mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako,

Cuthbert,
mpakia kuni.